Jozi ya Kumi na Saba

Hii habari ya Odarka Prokopiw hutaiamini, nami sitakulaumu. Hata padri wetu, mtu anayelipwa kuamini, aliisikiliza huku akininusa pumzi. Lakini siku ile nilikuwa nimekunywa chai tu, na habari yenyewe nimeipata kwa Odarka, ambaye hajui kutia chumvi hata kwenye viazi. Kipaji hicho katika ukoo wetu nilipewa mimi peke yangu. Yeye, mtoto wa dada yangu, alipewa masikio.

Na kwa masikio hayo tuanze. Odarka alipokuwa mdogo hapa bondeni Kalyna, nyumba kumi na sita zilitumia waya mmoja wa simu. Mmoja! Kila nyumba ilikuwa na mlio wake. Kwa kina Prokopiw ilikuwa miwili mirefu na mmoja mfupi, kwa mwalimu mitatu mifupi, na kadhalika. Simu ikilia mlio wa jirani, adabu ilitaka usiinue. Basi hakuna bondeni aliyekuwa na adabu. Dada yangu Nastunia alikuwa akivuta kiti hadi ukutani, anainua mkono wa simu polepole kama anayetoa yai chini ya kuku, anafunika pa kuzungumzia kwa kiganja, na viazi vinaungua jikoni wala habari hana.

Tatizo ni kwamba mtu anaweza kuficha pumzi yake, nyumba yake haiwezi. Waya unabeba kila kitu. Kwa kina Demchuk kulikuwa na ndege kwenye tundu, akilia tu mnajua Yavdokha yumo anasikiliza. Kwa mwalimu birika lilipiga mluzi. Na kwa Ilko Sawchyn, nyumba ya mwisho kule chini kabisa, kulikuwa na saa ya ukutani inayochechemea. Tik. Kimya. Tik-tak. Tik. Kimya. Tik-tak. Kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi anapanda ngazi wala hafiki juu.

"Mama," Odarka aliuliza siku moja, ana miaka sita, sikio lake limebanwa na la mama yake, "mbona Ilko anasikiliza kila siku na haongei?"

"Nyamaza, atakusikia!"

Ikatoka wayani sauti nzito, ya upole: "Nimeshasikia."

Ndiyo maneno pekee ambayo Odarka alimsikia Ilko akiyasema kwenye simu maisha yake yote. Nastunia aliweka mkono wa simu chini, akacheka hadi machozi, kisha akasema, "Mwacheni tu. Wenzake wana wake, yeye ana waya."

Odarka akakua, akaingia kampuni ya simu akiwa na miaka ishirini, mwanamke wa kwanza wa kwetu kupanda nguzo. Wanaume walikusanyika chini kumtazama, wakingoja aanguke. Alishuka, akawauliza, "Nani anafuata?" Wote wakakumbuka wana ng'ombe wa kukamua. Mimi ndiye niliyemfundisha kupanda. Sawa, nilimshikia ngazi. Sawa, niliizuia isianguke upepo ulipovuma, lakini ngazi ni ngazi.

Kazi yake hasa ilikuwa kuunga nyaya. Ndani ya kebo nene iliyozikwa kando ya barabara kuna nyaya nyembamba za shaba, zinakwenda mbilimbili, kila jozi imesokotwa pamoja na ina rangi zake, na siku hizo kila nyumba ilikuwa imeshapata jozi yake peke yake. Nilimuuliza kwa nini zinasokotwa. Akanijibu kuwa ni kama wazee wawili waliooana miaka hamsini: wakikumbatiana sawasawa, maneno ya jirani hayawaingii. Zikilegea, au maji yakiingia kwenye kebo, jozi moja inaanza kusikia siri za jozi nyingine. Wenye shule wana jina la jambo hilo. Mimi shule yangu ilifika darasa la nane, nalo la nane niliingia kwa mlango mmoja nikatokea kwa mwingine, kwa hiyo naliita umbea.

Sasa kuna jambo moja ambalo lazima ulijue kabla hatujaendelea. Mwaka tisini na moja, mwezi wa Januari, Odarka alipewa karatasi inayosema jozi fulani haina mtu, nyumba imehamwa, kata. Akakata. Karatasi ilikosea. Ile ilikuwa jozi ya kina Demchuk. Siku tatu baadaye Panko Demchuk akaanguka kutoka darini kwenye ghala la nyasi. Mkewe Yavdokha alikimbilia simu, akaiweka sikioni, ikawa kama kaweka sikio kwenye jiwe. Akatembea maili nne kwenye theluji kutafuta msaada. Waliporudi, Panko alikuwa amekwisha kuwa baridi.

Hakuna aliyemlaumu Odarka. Yavdokha mwenyewe alimshika mkono mazikoni akamwambia, "Usilie binti yangu, ni karatasi." Lakini ule mkate wa mazishi, wa mduara, mtamu kwa asali, Odarka aliutafuna na ukakosa ladha, na toka siku hiyo hajawahi kukata jozi kabla ya kuisikiliza. Si kidogo. Anahesabu pumzi zake sitini. Karatasi iseme itakavyo, bosi apige kelele, mvua inyeshe, sitini. Wenzake walimcheka, wakamwita Mtawa. Yeye akahesabu.

Novemba iliyopita ndipo shaba ya Kalyna ilipohukumiwa. Kampuni ilikuwa imesimamisha mnara juu ya kilima, na kila nyumba ikapewa kisanduku na antena ya kuweka juu ya paa. Simu sasa zitapita hewani. Nimeulizwa mara nyingi tofauti iko wapi, maana watu wanajua mjomba wa fundi naye ni nusu fundi. Nawaambia hivi: waya ni mfereji. Ulichomwaga huku kitatokea kule, hata kama kule ni shimoni. Hewa ni kupiga kelele uwanjani. Mwenye masikio atasikia, ila kilima kikikaa katikati, basi tena.

Kebo ilikuwa na jozi ishirini na tano, na nane za mwisho Odarka alikwisha kuzikata siku iliyotangulia. Siku ya mwisho Odarka alisimama kileleni, barabara inapoanza kushuka bondeni, mbele ya kile kisanduku cha kijani kinachofika kiunoni, ambamo jozi zote hukutana. Ilikuwa saa nane mchana. Theluji ilikuwa imeanguka usiku mzima ikakoma, na upepo haukuwapo, jambo ambalo kwetu peke yake linatosha kumfanya mtu atazame nyuma. Kazi ilikuwa nyepesi: kukata jozi zilizobaki, kusaini kwamba hakuna mtu, na saa kumi kamili mitambo ya kituo cha simu mjini ingezimwa, isiwashwe tena.

Alianza na ya kwanza kwa kuiruka, maana hiyo ni ya mafundi wenyewe, bado ina uhai. Ya pili, pumzi sitini, kimya, akakata. Ya tatu, kimya, akakata. Zile ambazo hazipati tena umeme kutoka kituoni alizilisha kwa betri yake ndogo, kwa sababu shaba yenye njaa haisemi. Ukiilisha, na kama huko mwisho kuna simu iliyoinuliwa, njia inafunga duara na utasikia. Simu zikiwa zimelala mahali pake, husikii kitu.

Akafika ya kumi na saba, ya njano na rangi ya chungwa. Karatasi ilisema: tupu, miaka tisa.

Akaibana, akaweka sikio.

Tik. Kimya. Tik-tak.

Odarka ananiambia hakuogopa mara moja. Kwanza alitabasamu, kama unaposikia sauti ya mtu unayemjua sana chumba cha pili. Halafu akakumbuka kwamba Ilko Sawchyn amezikwa miaka tisa, na kwamba jeneza lake alilibeba yeye mwenyewe, upande wa kushoto, pamoja nami.

"Haloo?" alisema. "Kuna mtu?"

Tik. Kimya. Tik-tak.

"Nani ameinua simu?"

Saa ikasimama. Haikufifia. Ilisimama ghafla, jinsi saa inavyosimama mtu anapoweka kidole kwenye timazi, ule uzani unaobembea, ili asikie vizuri zaidi. Na baada ya hapo ukaja ule ukimya ambao kila mtoto wa bonde hili anaujua: ukimya wa nyumba inayosikiliza.

Alimpigia bosi wake, Wendell Friesen, kwa simu ya mkononi. Pale kileleni mnara unaonekana, mawasiliano yapo.

"Wendell, jozi ya kumi na saba ina mtu."

"Ya kumi na saba ni tupu. Naiona hapa kwenye skrini."

"Skrini yako haina masikio."

"Dada yangu, ni panya huyo. Kaangusha mkono wa simu."

"Na saa kaitia ufunguo nani, panya?"

"Saa gani tena? Sikiliza, Odarka. Saa kumi mitambo inazimwa. Sijapanga mimi."

"Basi pangua."

"Ukiondoka hapo hujasaini, mimi ndiye nitakayeulizwa."

"Waambie Mtawa kaenda msalani."

Wendell si mtu mbaya, mama yake ananiletea soseji kila Krismasi. Mwisho akasema, "Nakupa mpaka saa kumi na moja. Na usiniambie unakwenda wapi."

Odarka hakuwa na haja ya kumwambia. Kabla ya kuondoka alifanya jambo moja la akili, na hapo ndipo ujue kuwa masikio peke yake hayatoshi: aliiunganisha jozi ya kumi na saba na ile ya kwanza, ya mafundi. Maiti akaazimwa moyo. Kisha akapanda gari, akashuka bondeni.

Njiani simu ya mkononi ilipoteza mnara. Vijiti vinne, viwili, kimoja, hakuna. Huko chini kilima kinakaa katikati, kama nilivyokwambia. Maili nne, na theluji mbele yake haina alama hata ya sungura. Ndipo akaona, kwenye ua wa Ilko, gari.

Lilikuwa la Dmetro Sawchyn, mdogo wake Ilko, mzee wa miaka sabini na tisa anayeishi peke yake upande wa pili wa mto. Theluji yote ya usiku ilikuwa juu yake, laini, bila mkono kuigusa, kama kitambaa kilichotandikwa mezani. Kutoka kwenye gari hadi mlangoni hakukuwa na nyayo. Alikuwa ameingia kabla theluji haijaanza, na hakuwa ametoka.

Hapo ule mkate wa mazishi ya Panko ukamrudia Odarka kinywani. Akakimbia.

Mlango haukuwa umefungwa. Jikoni kulikuwa na baridi kuliko nje. Simu ya Ilko, nyeusi, ya kuzungusha namba kwa kidole, ilikuwa ukutani pake, na mkono wake ulikuwa umeinuliwa, unaning'inia kwenye waya hadi karibu na sakafu, umetulia kabisa. Juu yake saa. Odarka aliitazama ile saa kwa muda asioweza kuukadiria. Kioo chake kilikuwa na vumbi zito. Mishale ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Alifungua kijimlango akaigusa timazi kwa kidole. Haikwenda. Ilikuwa imeshikwa na kutu.

"Dmetro!" aliita. "Mzee Dmetro!"

Sakafu ikajibu. "Nani?"

Alipiga kelele, anakubali mwenyewe. Halafu akaona kifuniko cha shimo la viazi, kiko wazi nyuma ya jiko.

"Mimi, Odarka wa Nastunia!"

"Umechelewa," ilisema sakafu.

Alishuka na tochi. Dmetro alikuwa chini ya ngazi iliyovunjika, amejifunika magunia matatu, uso una rangi ya majivu, midomo ya bluu, macho makali vilevile.

"Umevunjika wapi?"

"Nyonga. Na heshima."

"Tangu lini uko hapa?"

"Jana mchana. Nilifuata matango ya Ilko. Zile chupa za mwisho."

"Matango ya miaka tisa, mzee?"

"Chumvi ya Ilko hairuhusu kitu kuoza." Akainua simu yake ya mkononi, mpya, aliyopewa pamoja na kile kisanduku. "Nimeipiga hii usiku kucha. Nimeishika kulia, nimeishika kushoto, nimeiombea. Mawimbi yenu hayashuki kaburini, binti."

"Tulia, usiongee sana. Ulifikaje kwenye simu ya ukutani?"

"Simu gani?"

"Hiyo ya juu. Imeinuliwa."

Dmetro akamtazama kama anayetazama mtoto mzito wa kuelewa. "Ningeweza kufika ukutani, ningefika mlangoni. Na ningefika mlangoni, ningekuwa kwangu nakula matango."

Mzee akaendelea, sauti imeshuka.

"Kuna mtu alitembea. Leo, mchana huu. Nikadhani ni wewe. Alitembea hapo juu yangu, akasimama, na saa ikaanza kwenda. Nikaita. Hakunijibu." Akavuta gunia kidevuni. "Ilko naye hakuwa mtu wa kujibu."

Odarka alipanda ngazi iliyobaki kwa mikono miwili. Aliukamata ule mkono wa simu. Anasema ulikuwa wa vuguvugu. Hapo sitii neno langu, ni lake. Akabonyeza pa kulaza simu mara mbili, na mlio ukaja, mnene, kama nyuki mmoja ndani ya chupa. Ule uhai wa kuazima kutoka jozi ya kwanza ulikuwa umesafiri maili nne chini ya theluji ukafika. Akazungusha namba za dharura, na kile kiduara kinarudi polepole, krrr, krrr, kama kwamba dunia nzima ina nafasi.

Alitazama saa ya mkononi. Ilikuwa saa kumi na dakika sita. Wendell alikuwa ametimiza ahadi.

"Iache simu wazi, mama," mtu wa gari la wagonjwa alimwambia. "Tusikie mkiendelea."

Akauacha mkono unaning'inia, akarudi shimoni. Alimlaza Dmetro kichwa mapajani, akamsugua mikono, akamlazimisha amsimulie namna ya kutia matango chumvi ili asilale. Mara tatu mzee alifumba macho, na mara tatu Odarka akamzaba kofi dogo shavuni.

"Unampiga mgonjwa?"

"Nampiga mwizi wa matango. Endelea. Bizari inaingia lini?"

Waliingia watu wawili na machela saa kumi na dakika ishirini na tano. Mmoja alimpima joto, akamtazama Odarka, akasema nusu saa zaidi wasingehitaji haraka. Dmetro alitoka shimoni amekumbatia chupa moja, wala hakukubali kuiachia. Leo hii anatembea kwa fimbo, na matango yale nimeyaonja. Yana ladha ya msumari.

Odarka alifunga mlango wa Ilko, akatia kufuli aliyokuwa nayo garini, akalifuata gari la wagonjwa hadi kileleni. Lilipokata kona kuelekea mjini, ndipo alipokumbuka: mkono wa simu kauacha unaning'inia.

Simu ya mkononi ikalia. "Nimeambiwa habari za mzee. Zimebaki dakika nane," alisema Wendell. "Utasaini?"

"Pumzi sitini kwanza."

"Odarka! Mtu wenyewe si umeshamtoa?"

"Nimemtoa mmoja."

Akakata simu. Aliitenganisha jozi ya kumi na saba na ya kwanza, akairudishia betri yake. Jua lilikuwa limegusa upande wa pili wa bonde, theluji imegeuka rangi ya nyama mbichi. Nyumba ile ilikuwa tupu. Kufuli alifunga mwenyewe. Dmetro alikuwa njiani kwenda hospitali. Na kama ile saa bado ingekuwa inakwenda, asingeweza kukata, kwa kiapo chake, na asingeweza kurudi, kwa muda uliobaki. Aliibana jozi, akaweka sikio, akaanza kuhesabu.

Tik. Kimya. Tik-tak.

Pumzi ya kumi. Pumzi ya ishirini. Odarka alisimama pale nywele zimemsimama, na ilipofika ya arobaini, wasomaji wangu, sauti ya Ilko ikapanda kutoka bondeni, nzito kama kwaya nzima ya Pasaka, ikamwita kwa jina mara saba, na waya ukawaka moto wa bluu mkononi mwake, na mbwa wote wa Kalyna wakapiga magoti, na mimi mjomba wake, niliyekuwa maili kumi na moja kutoka hapo, nikaisikia kwa masikio yangu ikisema kwamba

"Mjomba. Mbwa walipiga nini?"

Hili ndilo baya la kuandika jikoni kwa Odarka, anakusomea begani.

"Leta hiyo kalamu. Hakuniita mara saba, hakuniita hata mara moja. Saa ilikwenda mpaka pumzi ya arobaini na moja. Halafu mkono wa simu ukarudishwa mahali pake, taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha wenzake. Klak. Nikahesabu kumi na tisa zilizobaki, nikakata. Andika hivyohivyo, na huo moto wa bluu ufute."